Kent, Essex au London? Kutafuta historia ya mtaa ambao mipaka yake ilihama

Swali: Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi ya kuwatunza wazee mashariki mwa London. Bibi ninayemhudumia, mzaliwa wa North Woolwich, amenifungulia sanduku la karatasi za ukoo wake na kuniomba nimsaidie kuandika historia ya familia na mtaa wao kwa ajili ya wajukuu. Nimekwama. Sensa ya 1881 inasema babu wa baba yake aliishi Kent. Cheti cha kuzaliwa cha baba yake, cha 1908, kinasema Woolwich, Kaunti ya London. Cheti cha mama yake, cha 1910, kina West Ham, Essex, ingawa bibi anaapa kwamba mama alizaliwa Walthamstow. Barua ya 1928 ina anwani ya London E16. Na leo tuko Newham. Bibi anasema upande wa baba hawakuhama kamwe. Nani amekosea, na nianzie wapi? Halafu anakumbuka wazee wakisimulia habari za mabaharia weusi waliopanga Canning Town zamani. Ni kweli?

Jibu: Dada yangu, hakuna aliyekosea, na bibi yuko sahihi mara mbili: upande wa baba hawakuhama, na mama yake huenda kweli alizaliwa Walthamstow.

Karatasi ya serikali haikuambii mahali palipo. Inakuambia nani alikuwa na mamlaka ya kuandika karatasi ile, na aligawa vipi mahali hapo siku alipoandika. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na mamlaka nyingi zilizolaliana juu ya ardhi ileile: parokia ya kanisa, muungano wa parokia uliosimamia maskini, wilaya ya usajili wa vizazi na vifo, halmashauri ya mji, bodi ya shule, polisi, posta. Kila moja ilichora mipaka yake na haikujali sana ya mwenzake. Kwa hiyo ukishika karatasi yoyote kutoka kwenye sanduku lile, kabla hujauliza "hapa ni wapi?" uliza "nani aliandika, na mwaka gani?"

Tuanze na Kent, kwa sababu ndiyo inayowashangaza watu zaidi. North Woolwich iko kaskazini mwa mto Thames, upande wa Essex. Lakini kwa karne nyingi sehemu hiyo, iliyokuwa vipande viwili vya ardhi ya majimaji kando ya mto, ilihesabiwa kuwa ya parokia ya Woolwich, iliyo ng'ambo ya kusini, kaunti ya Kent. Maelezo yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Hamo, aliyekuwa sherifu (mwakilishi wa mfalme) wa Kent, alikuwa na mali pande zote mbili za mto na akataka ushuru wa vivuko uwe wake. Iwe ndiyo sababu kamili au siyo, mpaka ulikaa hivyo hadi karne ya 20. Babu wa baba aliyehesabiwa 1881 alikuwa mtu wa Kent kisheria, ingawa ili kukanyaga Kent yenyewe alihitaji mashua.

Mwaka 1889 Bunge liliunda Kaunti ya London kwa kumega Middlesex, Surrey na Kent. Woolwich ilimegwa kutoka Kent, na vile vipande vya kaskazini vikafuata. Mwaka 1900 Woolwich ikawa moja ya manispaa za ndani ya kaunti hiyo mpya. Ndiyo maana cheti cha 1908 kinasema Kaunti ya London: nyumba ileile, ukoo uleule, kaunti nyingine. Kivuko cha bure cha Woolwich kilifunguliwa Machi 1889, na njia ya chini ya mto kwa waendao kwa miguu mwaka 1912. Kabla ya hapo, kwenda kwenye ofisi za mji wako mwenyewe kulikuwa na nauli.

Sasa tazama jirani. Ukitembea kuelekea magharibi kutoka North Woolwich unaingia Silvertown, iliyopewa jina la kiwanda cha mpira cha familia ya Silver. Kwa mgeni ni mtaa mmoja unaoendelea. Kisheria ulikuwa umevuka mpaka na kuingia parokia ya West Ham, kaunti ya Essex. Mpaka huo haukuwa mstari wa karatasini tu. Ulisaidia kuujenga mji wenyewe. Sheria ya majengo ya London ya 1844 iliwabana wenye viwanda vinavyonuka na vya hatari, lakini nguvu yake iliishia mto Lea. West Ham ilikuwa ng'ambo ya Lea. Wenye viwanda vya kemikali, mbolea na sabuni waliona ardhi rahisi, mto wa kushushia mizigo, reli, na kanuni chache, wakahamia. Gati la Royal Victoria lilifunguliwa 1855. Parokia iliyokuwa na watu karibu 19,000 katika sensa ya 1851 ilikuwa na zaidi ya 267,000 ilipofika 1901.

Watu hao walifika mahali ambapo hapakuwa na mifereji ya maji machafu wala lami. Mwaka 1855 serikali ilimtuma mkaguzi Alfred Dickens, mdogo wake Charles yule mwandishi, na ripoti yake ndiyo iliyofungua njia ya bodi ya mtaa ya West Ham mwaka 1856. Ikawa manispaa mwaka 1886, na mwaka 1889 ikapewa hadhi ya mji unaojitegemea, usio chini ya halmashauri ya kaunti. Shika hadhi hiyo ya mwisho, maana inawapotezea watu muda mwingi. Tangu 1889 West Ham ilikuwa ndani ya Essex kwenye ramani, lakini halmashauri ya kaunti ya Essex haikuitawala. Ukisoma kumbukumbu za vikao vya halmashauri ya Essex ukitafuta barabara au shule za Silvertown za miaka ya 1900, utasoma mpaka macho yaume. Habari hizo zimo katika kumbukumbu za West Ham yenyewe. East Ham ilipata hadhi hiyohiyo mwaka 1915.

Na kama wajukuu wa bibi ni wapenzi wa mpira, wape hili: mpaka wa West Ham na East Ham ulipita Green Street. Klabu ya West Ham United, iliyoanza 1895 kama timu ya kiwanda cha meli cha Thames Ironworks, ilihamia uwanja wa Boleyn mwaka 1904, na uwanja huo ulikuwa upande wa East Ham. Timu ya West Ham ilicheza East Ham kwa miaka 112. Ilipohamia Stratford mwaka 2016, na watu wakalia kwamba imeacha kwao, kimipaka ilikuwa imerudi kwao, kwani Stratford ilikuwa sehemu ya parokia ya West Ham tangu zamani. Usiwaambie hivyo mashabiki wakiwa wamefungwa.

Tuje kwa mama wa bibi. Mwaka 1836, chini ya sheria mpya ya maskini, parokia kadhaa ziliunganishwa kuwa muungano wa West Ham: West Ham, East Ham, Little Ilford, Leyton, Walthamstow, Wanstead na Woodford. Usajili wa vizazi ulipoanza 1837 ulitumia mipaka ya miungano hiyo. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Walthamstow mwaka 1910 alisajiliwa katika wilaya ya usajili iliyoitwa West Ham, ingawa nyumba yao ilikuwa mbali kabisa na mji wa West Ham na haikuwa na uhusiano wowote na halmashauri yake. Chukua kile cheti ukitazame tena. Mstari wa juu una jina la wilaya ya usajili. Chini yake kuna wilaya ndogo, na ndani ya jedwali kuna anwani. Naamini macho yako yalishikwa na mstari wa juu, kama yanavyoshikwa ya wengi. Ikiwa wilaya ndogo ni Walthamstow, mzozo na bibi umekwisha. Ikiwa ulichonacho si cheti chenyewe ila mstari wa faharasa ya mtandaoni, hutapata zaidi ya jina la wilaya; itabidi uagize nakala ya cheti. Faharasa ya ofisi kuu ya usajili inaonyesha pia jina la mama la kabla ya ndoa, na hilo litakusaidia usiagize cheti cha mtu mwingine mwenye jina lilelile.

Kosa hilohilo hutokea kwenye habari za maskini. Ukiona mtu wa ukoo "alifia katika nyumba ya maskini ya West Ham", usimtafute West Ham. Jengo la muungano lilikuwa Leytonstone. Na kama aliyefia kwenye nyumba ya maskini alikuwa mkazi wa North Woolwich, basi mtafute Plumstead, kusini mwa mto, kwa sababu tangu 1868 Woolwich ilikuwa na muungano wake na jengo lake lilikuwa huko.

Barua ya 1928 haikupi taabu. Posta ilianza kuita sehemu hizi London katika miaka ya 1850, na namba kama E16 ziliongezwa mwaka 1917, wakati wa vita. Posta ilifuata njia za kusambaza barua na haikuwa na habari na kaunti. Kwa nusu karne na zaidi mtu wa Silvertown aliandikiwa barua "London", akalipa kodi West Ham, akahesabiwa Essex, na kukamatwa, akikosea, na polisi wa London, ambao eneo lao lilivuka Lea tangu 1840. Kwa hiyo anwani ya posta isikushawishi kamwe kuhusu utawala. Mimi huitumia kwa jambo moja tu, kukadiria tarehe: barua isiyo na mwaka ikiwa na E16, imeandikwa 1917 au baadaye.

Kanisa nalo lina safari yake. Essex ilikuwa chini ya dayosisi ya London hadi katikati ya miaka ya 1840, ikahamishiwa Rochester, kisha St Albans mwaka 1877, kisha Chelmsford mwaka 1914. Newham yote leo ni halmashauri ya London, lakini maaskofu wake wa Kianglikana ni wa Chelmsford. Jambo hili lina uzito ukitafuta ubatizo na ndoa, kwa sababu vitabu vya parokia hufuata dayosisi, na hifadhi ya nyaraka ya Essex iliyoko Chelmsford ni mahali pa kuulizia kabla hujakata tamaa London.

Newham yenyewe ilizaliwa tarehe 1 Aprili 1965, chini ya sheria ya serikali ya London ya 1963. Iliunganisha West Ham, East Ham, kipande kidogo cha Barking kilichokuwa magharibi ya mto Roding, na North Woolwich, ambayo hatimaye iliondolewa ng'ambo ya kusini baada ya karne nyingi. Woolwich iliyobaki iliunganishwa na Greenwich. Hapa ndipo watafiti wengi wa North Woolwich hukwama: wanakwenda kwenye maktaba ya historia ya Newham pale Stratford wakidhani habari zote ziko huko. Kumbukumbu za halmashauri za West Ham na East Ham, naam. Lakini kabla ya 1965 mtaa wa bibi ulisimamiwa na Woolwich, na mrithi wa Woolwich ni Greenwich. Kodi ya majengo, afya, mikutano ya halmashauri: anza na nyaraka za Greenwich. Shule nayo ina njia yake. Mtoto wa North Woolwich alisoma chini ya bodi ya shule ya London, baadaye halmashauri ya Kaunti ya London, na nyaraka za vyombo hivyo ziko kwenye hifadhi kuu iliyoko Clerkenwell, ambayo tangu 2024 inaitwa The London Archives. Mtoto wa Silvertown, huenda nyumba chache mbele, alikuwa chini ya bodi ya West Ham.

Mpaka huo pia unaamua ramani gani zitakusaidia. Ramani maarufu za Charles Booth, zilizopaka rangi mitaa ya London kwa kiwango cha umaskini mwishoni mwa karne ya 19, zilihusu London ya kisheria. Usitegemee kuiona Canning Town, iliyokuwa West Ham. Ramani za uharibifu wa mabomu zilizotengenezwa na halmashauri ya Kaunti ya London nazo zilifuata mpaka wa kaunti, ingawa West Ham ilipigwa vibaya tangu jioni ya tarehe 7 Septemba 1940. Wengi huona ukimya wa ramani hizo wakadhani mtaa ulisalimika. Haukusalimika, mchoraji hakuwa na mamlaka nao.

Ningekuwa wewe, ningeanza na ramani kabla ya jina la mtu yeyote. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni, bure, ramani za zamani za serikali za Uingereza yote, na unaweza kuilaza ya miaka ya 1890 juu ya picha ya leo ya satelaiti. Tafuta mtaa wa bibi, kisha fuata vijinukta na vistari vya mpaka hadi ujue nyumba ilikuwa upande upi wa mstari. Fanya hivyo hata kama una hakika, kwa sababu Silvertown na North Woolwich huchanganywa kila siku, hata na wakazi. Baada ya hapo chukua karatasi moja nyeupe, gawa kwa miaka, na uandike kwa kila kipindi nani alisimamia nyumba ile: 1868 usajili na maskini wa Woolwich; 1889 Kaunti ya London; 1900 manispaa ya Woolwich; 1965 Newham. Karatasi hiyo itakufaa kuliko programu yoyote ya ukoo ya kulipia. Tovuti ya Chuo Kikuu cha Portsmouth iitwayo Vision of Britain itakusaidia kuthibitisha, maana inaeleza kila parokia na wilaya ilibadilika lini na kuingia wapi. Kwa upande wa West Ham na East Ham, juzuu ya 6 ya historia ya kaunti ya Essex, ya mwaka 1973, ina sura ndefu na inasomeka bure mtandaoni. Ni kavu, lakini ukiizoea ni hazina.

Kwa watu, sensa ya 1921 ndiyo ya karibuni zaidi iliyo wazi. Ya 1931 iliungua mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo linazibwa kwa sehemu na daftari la wakazi la Septemba 1939, ingawa waliozaliwa chini ya miaka 100 iliyopita hufichwa isipokuwa kifo chao kimethibitishwa.

Angalizo moja la baadaye, kwa kuwa bibi ameishi kipindi hicho. Kati ya 1981 na 1998, eneo la magati lilikuwa chini ya shirika la serikali kuu la kuendeleza Docklands, na ruhusa za ujenzi zilitolewa na shirika hilo badala ya halmashauri. Akikuambia "nyumba zetu zilibomolewa na Newham" katika miaka hiyo, mwamini kuhusu kubomolewa, lakini nani aliyetoa ruhusa ni swali la kukagua.

Kuhusu mabaharia, ni kweli. Canning Town na Tidal Basin zilikuwa na jamii ya watu weusi tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili: mabaharia wa Afrika, Karibi na Bara Hindi walioshuka kwenye magati, na familia zao. Mwaka 1926 mchungaji Kamal Chunchie, mzaliwa wa Ceylon (leo Sri Lanka), alifungua huko nyumba ya kuwahudumia, na ilibomolewa mwaka 1930 kupisha barabara mpya ya kwenda magatini. Hapo ni West Ham, kwa hiyo magazeti ya West Ham na maktaba ya Stratford ndipo pa kutafuta. Ukitaka majina ya mabaharia wenyewe, yakiwemo ya waliopanda meli Zanzibar au Mombasa, yamo kwenye orodha za wafanyakazi wa meli. Sehemu kubwa ya orodha za 1863 hadi 1938 haiko Uingereza kabisa, imehifadhiwa Newfoundland, Kanada. Nyingine ziko kwenye Nyaraka za Taifa pale Kew.

Kabla ya yote hayo, kaa na bibi umuulize mambo ambayo hayamo kwenye sanduku. Baba yake alipiga kura katika jengo gani? Alipougua alipelekwa kliniki ya upande upi wa mto? Walipodaiwa kodi ya majengo, barua ilitoka ofisi gani? Akikumbuka kwamba walipanda kivuko kwenda Woolwich kwa shughuli hizo, andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na mwaka kadiri anavyoukumbuka. Kisha peleka maneno hayo Greenwich uombe daftari la wapiga kura la mtaa wao la miaka hiyo. Wapigie simu kwanza, kwa sababu vyumba vya kusomea vya hifadhi hizi mara nyingi hutaka uweke nafasi mapema, na wengine hawafungui kila siku.